Nimpeleke mama Berlin Oktoba au Novemba?

BintiChumbageni (Tanga)

Habari za jioni wanajamvi. Wakubwa shikamooni.

Nina mdogo wangu wa kiume yuko Berlin, anasomea uuguzi na huku anafanya kazi hospitali. Ana mwaka wa tatu hajatia mguu nyumbani na mama amechoka kumwona kwenye simu. Ndugu tumechanga, tumekubaliana mimi ndiye nimsindikize mama akamwone mwanawe. Miadi ya viza ni mwezi ujao na natakiwa niandike tarehe. Hapo ndipo nilipokwama.

Tukienda Oktoba, nauli iko juu na dogo hana likizo. Atakuwa anaingia zamu, mimi na mama tutazunguka wenyewe. Tukienda katikati ya Novemba nauli inashuka karibu laki nne kwa kila mmoja, na dogo ana mapumziko wiki nzima. Nimemuuliza yeye, ananijibu "njooni tu muda wowote dada, baridi ni baridi". Ana miaka 24 na anavaa fulana mwaka mzima, simtegemei.

Sasa mama mwenyewe. Ana miaka 63, goti la kushoto linamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Baridi anayoijua ni ya Lushoto, na huko alilala na khanga tatu juu ya blanketi. Lakini si mtu wa kukaa ndani kutazama ukuta. Amesema anataka kuona ile miti ya majani mekundu na manjano ya kwenye kalenda, na anataka kumwona mjusi, yule dinosaria wa Tendaguru ambaye mifupa yake iko makumbusho ya huko. Kwao ni Lindi, kakulia hadithi za wazee waliobeba ile mifupa mabegani mpaka bandarini, kwa hiyo kwenye suala la mjusi hakuna mjadala.

Naomba mnishauri tarehe, nguo, na namna ya kuzunguka na mtu wa goti. Sisi ni Waislamu, chakula na pa kusali nako mniambie. Asanteni.

Relini

Dada karibu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi naendesha tramu, treni ndogo ya barabarani, hapa Berlin, kwa hiyo huo msimu unaouulizia naupitia nikiwa nimekaa nyuma ya kioo kikubwa kuanzia alfajiri. Jibu langu ni Oktoba, na mpange muondoke kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo.

Watu watakutisha na baridi. Baridi dawa yake koti. Giza ndilo halina dawa. Katikati ya Oktoba jua linazama saa kumi na mbili jioni na dakika chache, hakuna tofauti kubwa na huko Tanga. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma nchi nzima, na jioni hiyohiyo jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Ikifika katikati ya Novemba linazama saa kumi na robo, na asubuhi halichomozi mpaka inakaribia saa moja na nusu. Tena hapo nasema jua kwa heshima tu, maana zinaweza kupita siku nne tano kuna wingu la kijivu limetanda kutwa na hulioni. Mtu mzima akiamka, akanywa chai, akavaa hizo nguo zote, akafika mjini, ni saa tano. Mwanga umebaki masaa matano. Likizo ya dogo mtaimaliza sebuleni mmewasha taa.

Na katikati ya Novemba ni pabaya kwa sababu nyingine. Majani yameshadondoka na kufagiliwa, na masoko ya Krismasi, yale ya vibanda na taa, hayajaanza. Hapa mengi yanasubiri ile Jumapili ya kuwakumbuka marehemu ipite, ndipo yafunguliwe Jumatatu inayofuata, mwishoni mwa Novemba. Kwa hiyo mtakuwa mmeokoa laki nne mkaja kuangalia miti mitupu.

Rangi ya majani inakolea kuanzia kama wiki ya pili ya Oktoba hadi mwishoni mwa mwezi. Wageni wengi hukimbilia Unter den Linden kwa sababu ya jina. Ile miti hupukutika mapema na barabara yenyewe ni magari. Mpeleke mama Treptower Park. Kituo cha treni kiko pale pale bustanini, njia ni tambarare, mabenchi yapo kando ya mto Spree. Ndani zaidi kuna makaburi ya wanajeshi wa Kisovieti zaidi ya 7,000 waliokufa kwenye vita vya kuuchukua mji huu mwaka 1945, na sanamu ya askari kama mita 12 amebeba mtoto. Njia ya kuingilia imepandwa mibetula inayoinamisha matawi, Oktoba inakuwa manjano tupu pande zote mbili. Mama akichoka kabla ya kufika kwenye sanamu, mkae hapo hapo, hajapoteza kitu.

Viatu. Hili nalisema kwa uzoefu wa kazi. Majani yakilowa na kusagwa na magurudumu yanafanya utelezi mweusi juu ya reli, tramu ya tani nyingi inateleza kama sabuni bafuni. Ndiyo maana chini tuna masanduku ya mchanga mkavu. Gurudumu likianza kuteleza, mchanga unamwagwa mbele yake lipate kushika. Ukiwa umekaa ndani ukasikia kitu kinasagika krrr chini ya sakafu, ndiyo hiyo. Sasa binadamu hana sanduku la mchanga. Mnunulieni mama kiatu chenye soli ya mpira yenye meno, kilichofunika kifundo. Raba nyeupe za soli laini waachieni vijana.

Koti nunueni huko huko, msije kulinunua hapa. Pitieni mitumba ya Karume mkiwa Dar kabla ya kuruka. Makoti mazito yanatundikwa pale na wanunuzi ni wachache, unapata la sufu kwa bei ya kutupa. Oktoba mchana ni nyuzi 13 au 14, usiku inashuka mpaka 6 hivi. Vaeni tabaka tabaka, maana ndani ya majengo kuna joto la kutosha na mtavua. Mama akivaa suruali ya kubana ya pamba ndani ya gauni, soksi ndefu na skafu, amemaliza.

Kuhusu goti: tramu na basi kwanza, treni ya chini ya ardhi baadaye. Vituo vingi vya chini vina lifti, ila si vyote, na lifti yenyewe inaweza kuwa mbovu siku mnayoihitaji. Tramu unapanda usawa wa barabara. Basi namba 100 kutoka Zoo hadi Alexanderplatz linapita Tiergarten, bungeni na karibu na lango la Brandenburg kwa tiketi ya kawaida kabisa. Panda ghorofani wewe, mama abaki chini. Siku ya mvua mpakie mama Ringbahn, treni inayozunguka katikati ya mji duara zima kwa saa moja. S41 inakwenda kwa mwelekeo wa mshale wa saa, S42 kinyume chake. Amekaa, kuna joto, anauona mji.

Tiketi ya kutoka uwanja wa ndege lazima iwe ya kanda A, B na C, mjini pekee A na B zinatosha. Ile ya karatasi mnaigonga kwenye kimashine pale mnaposubiria treni kabla hamjapanda. Wakaguzi wengi wanavaa nguo za kiraia na faini ni yuro 60, ugeni si utetezi.

MzeeWaKaskazini (Arusha)

Mjusi mwenyewe Wajerumani wangetakiwa kumrudisha. Hata bungeni Dodoma lilishaulizwa hilo zaidi ya mara moja. Mama wa watu anakwenda kulipia kiingilio kuona mali ya kwao?

Relini

Mzee shikamoo. Mjadala huo una uzi wake humu, na huko tuko upande mmoja. Lakini mama wa Lindi akiwa Berlin akaacha kwenda eti kwa hasira, atakayekuwa hajaona ni yeye.

Dada, siku ya mjusi ipangeni hivi. Makumbusho yanaitwa Museum für Naturkunde, yako Invalidenstraße, tramu zinasimama karibu na mlango. Jumatatu yanafungwa. Yanafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, mwahini hapo hapo mlangoni, kwa sababu Oktoba shule za Berlin zina likizo na kuanzia saa tano ukumbi unajaa watoto wanaopiga kelele za dinosaria.

Mnaingia tu, yuko mbele yenu. Kimo chake ni mita 13.27, shingo imenyooka kuelekea paa la kioo. Unapiga hatua, unainua kichwa, unapiga nyingine, bado unainua. Ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, yote kutoka Tendaguru, ilikochimbwa kati ya 1909 na 1913. Majina ya Wajerumani waliosimamia utayasoma kila mahali. Mwambie mama atafute jina la Boheti bin Amrani, ndiye aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, mtu wa kwetu. Wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia, na mifupa ilitoka porini mpaka bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega kama wazee wake walivyomsimulia. Mabenchi yapo, akae anavyotaka.

Mkitoka hapo kama goti linaruhusu, pandeni tramu M8 mpaka Rosenthaler Platz. Brunnenstraße namba 193, chini kwenye mawe ya njia ya miguu, kuna kibamba cha shaba cha ukubwa wa kiganja. Kina jina la Bayume Mohamed Husen, kijana wa Dar es Salaam, alizaliwa 1904. Alikuwa askari angali mtoto kwenye vita vya kwanza, akaja hapa mwaka 1929 kudai malimbikizo ya mshahara, akabaki. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuoni. Wanazi walimkamata 1941 na akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Majani yanaweza kuwa yamekifunika, sogezeni kwa mguu taratibu. Ni dakika kumi tu za siku yenu, ila sijui mtu wa pwani atafikaje Berlin asipite hapo.

MamaKibokoni (Mombasa, sasa Neukölln)

Assalaam alaykum Binti. Huyu kaka wa tramu asikutie hofu na Novemba yake. Mimi niko huku miaka, Novemba naipenda kuliko Oktoba. Mji umetulia, makumbusho hayana msongamano, na tarehe 11 jioni watoto hutoka na taa za karatasi wakiimba njiani. Wangu mwenyewe alitengeneza ya samaki, ikaungua nusu. Kisha wewe si mtalii, wewe wapeleka mama kwa mwanawe. Mwana akiwa kazini zamu za usiku, mama atamwona amelala. Hilo pia lipigie hesabu.

Lakini kwa ibada nitakueleza ukweli. Katikati ya Novemba adhuhuri yaingia kama saa sita, alasiri kabla ya saa nane, magharibi saa kumi na robo. Ukitoka nyumbani saa nne asubuhi swala tatu zakukuta njiani. Oktoba una nafasi, wasali adhuhuri mjini na alasiri pia watulia. Msikiti mkubwa ni Şehitlik, uko Columbiadamm, wa Waturuki, una minara miwili na pahali pa wanawake. Jirani yake ni Tempelhofer Feld, uliokuwa uwanja wa ndege mpaka 2008, sasa ni bustani ya watu wote. Njia ya kurukia ndege iko vile vile, watoto waendesha baiskeli juu yake, na msimu huo upepo ni mzuri wa tiara. Tambarare tupu, goti halitolalamika, ila upepo wenyewe hauna mswalie mtume, afunge skafu vizuri.

Chakula msijitaabishe. Sonnenallee ni Waarabu mwanzo mwisho, mikate, kuku wa kuchoma, kunafa. Sokoni Maybachufer Jumanne na Ijumaa utapata pilipili, dania, bamia, mihogo ukibahatika. Maboga ndio msimu wake, utayaona kila duka, yale ya rangi ya chungwa. Hupikwa na ganda lake. Mimi huyatia nazi.

Jumapili maduka yote yamefungwa, na tarehe 3 Oktoba pia, ni sikukuu yao ya kuungana. Jumamosi mwende mkanunue. Mkisahau, kituo kikuu cha treni huwa na maduka wazi.

Relini

Mama Kibokoni heshima yako, hoja ya zamu sina jibu nayo. Ila dogo anaweza kuomba abadilishane zamu na wenzake wikiendi mbili, wauguzi wa huku wanafanya hivyo kila siku. Jua hawezi kubadilishana na mtu.

BintiChumbageni (Tanga)

Nimesoma yote nikamsomea na mama. Nilipofika kwenye jina la Boheti bin Amrani akanisimamisha nirudie.

Nimempigia dogo, nimemwambia aongee na wenzake kuhusu zamu. Ameguna kisha akakubali. Kwa hiyo naelekea Oktoba, tuondoke huku baada ya tarehe 8 na kurudi kabla saa hazijabadilishwa. Tukipita njia ya Doha au Istanbul kuna tofauti gani na kupita Amsterdam? Na kitu kingine, dogo aliwahi kutuma picha ya kibao kimeandikwa Tangastraße. Ni kweli au alikuwa anatutania?

Relini

Kweli kabisa, iko eneo la Wedding hapa Berlin. Kuna mtaa mzima wa majina yetu huko: Tangastraße, Usambarastraße, Sansibarstraße, Ugandastraße, Kongostraße. Mshukie kituo cha Afrikanische Straße au Rehberge kwenye treni ya chini ya ardhi U6. Walianza kupangilia majina ya hivyo enzi za makoloni yao na wakaendelea hata baada ya kuyapoteza, si kwa mapenzi. Palikuwa na Petersallee, jina lililowekwa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakajaribu kusema sasa ni Peters mwingine, jina likabaki lilelile. Agosti 2024 ndipo jina likaondolewa, na kipande kimoja cha barabara sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Hiyo ilikuwa chini ya mwaka mmoja tangu rais wao Steinmeier aombe msamaha pale Songea kwa mauaji ya Vita vya Maji Maji. Pigeni picha kwenye Tangastraße kisha mpige na pale Maji-Maji. Mkimaliza, Volkspark Rehberge iko jirani, na kwa majani ya Oktoba mimi naiona haina mpinzani upande huu wa mji. Watalii hawaijui, mtakutana na wazee na mbwa wao.

Kuhusu njia: Doha na Istanbul ziko nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, ukaguzi wa mpaka mtaufanyia hapa Berlin mkishafika. Amsterdam mnakaguliwa pale pale katikati ya safari. Siku hizi kuna mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025, wanapiga picha ya uso na kuhakiki alama za vidole, foleni inaweza kuwa ndefu. Kwa mtu wa goti mimi ningechagua kupanga foleni mwisho wa safari, bila ndege ya kukimbilia. Na mkikata tiketi ombeni kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Ni bure, na anayesukumwa hupitishwa mbele. Wewe unafuata nyuma yake.

BintiChumbageni (Tanga)

Hicho kiti atakikataa, nitamwambia ni utaratibu wa Wajerumani.

La mwisho, samahanini kwa usumbufu. Mama ameshaanza kufunga vitu. Kuna dagaa, nazi, embe za Muheza, na nyama ya kukausha ya shemeji. Vitapita?

MamaKibokoni (Mombasa, sasa Neukölln)

Nyama iache huko huko, nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya havipiti kabisa, wataitupa mbele ya macho yake. Embe pia hapana, matunda mengi yataka cheti cha afya ya mimea. Yasiyotaka cheti ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Dagaa wakavu wapita, samaki kwa matumizi yako mwenyewe waruhusiwa mpaka kilo 20.

Relini

Wafungeni dagaa kwenye mifuko mitatu na muweke katikati ya nguo za dogo, si za mama. Nazi leteni hata kumi. Za hapa dukani ukizitikisa hazina maji.